Daudi Aliuliza Tena

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno lililonikalia moyoni wiki hii ni dogo sana: "tena". Liko 2 Samweli 5, pale Wafilisti walipopanda mara ya pili na kujitandaza katika bonde lile lile la Warefai. Adui yule yule, uwanja ule ule, na pale mahali paitwapo Baal-perasimu Daudi alikuwa ameshawashinda. Yeyote kati yetu angesema: njia tunaijua, twendeni. Daudi akarudi kumwuliza Bwana.

Mara ya kwanza aliuliza mambo 2: nipande? utawatia mkononi mwangu? Akaambiwa panda. Mara hii akaambiwa asipande, azunguke nyuma yao, awajie kutoka upande wa miforsadi, na atulie mpaka asikie sauti ya mwendo juu ya vilele vya miti. Angefuata agizo la kwanza angekuwa ameingia vitani na neno la kweli la Mungu, ila neno lililokwisha kazi yake.

Musa naye, watu walipokosa maji pale Horebu, aliambiwa apige mwamba. Pale Kadeshi akaambiwa auambie tu mwamba utoe maji. Akapiga, tena mara 2. Maji yalitoka (hapo ndipo ninapoogopa), lakini nchi ya ahadi hakuiingia.

Sasa tuje hapa kwetu. Mwaka jana kodi ilikosekana, ukaomba, binamu akatuma pesa. Mwaka huu imekosekana tena, nawe unampigia binamu yule yule mpaka ameacha kushika simu. Umeuliza, au umekumbuka tu? Huenda safari hii agizo ni kumwendea mwenye nyumba mapema. Anayeambiwa tarehe 28, "nina nusu, iliyobaki naleta tarehe 15", mara nyingi husikiliza. Anayekutafuta tarehe 12 akiwa na kufuli mkononi ameshachoka. Au huenda agizo ni kutoa notisi ya mwezi mmoja na kuhamia chumba cha bei nafuu kule Njiru. Hilo nalo ni kuzunguka nyuma ya miforsadi, hata kama majirani wataliita kushindwa.

Na sisi tunaoshika maikrofoni Jumapili, turekebishwe. Ndugu akishuhudia kwamba alifunga siku 3 akapata kazi, tunaugeuza ushuhuda kuwa kanuni. Wiki inayofuata mama anayejidunga insulini anafunga siku 3 bila chakula, sukari inashuka, anaanguka kwenye kesha, nasi tunakemea pepo. Tumekosea! Mama huyo alipaswa kuzungumza na daktari wake kabla ya kufunga. Ushuhuda unatuonyesha Mungu ni nani. Hautupi agizo la mtu mwingine tulitumie. Vivyo hivyo sadaka: usimwambie aliyefutwa kazi atoe pesa za chakula cha watoto kwa sababu wewe ulitoa ukabarikiwa.

Kwa hiyo andika swali lako kama Daudi, fupi, linaloweza kujibiwa. "Bwana nisaidie" ni kilio, na anakisikia, lakini swali ni "nichukue mkopo huu, au nisichukue?" Soma sura nzima, usichomoe mstari mmoja unaokupendeza. Wapelekee swali hilo watu 2 au 3 waliokomaa, na angalau mmoja awe mtu anayeweza kukukatalia. Usiweke sahihi siku hiyo hiyo. Yoshua na wakuu wa Israeli waliamini mkate wenye ukungu wa Wagibeoni, majirani waliojifanya wametoka mbali, wakaapa bila kumwuliza Bwana, na kiapo kikawafunga.

Na sauti ikisikika vileleni, inuka upesi. Daudi aliambiwa ajitahidi saa ile ile. Wapo walioitwa kwenye usaili Jumanne wakasema bado wanangoja uthibitisho.

Ijumaa kwenye kesha, kila mmoja aje na swali lake limeandikwa, lisizidi mistari 2. Tutaanza na wale wa kodi, maana tarehe 5 iko karibu.