Mstari wa mishahara ambao sisi hatumo

Nafanya kazi kitengo cha mishahara kwenye shirika la umeme hapa Nebraska, kwa hiyo ndugu na jamaa wakikutana na takwimu za mishahara hunirushia mimi. Juzi mpwa wangu, anayefikiria kusomea ufundi laini, yaani kazi ya nguzo na nyaya za umeme, kanitumia grafu ya Ofisi ya Uchambuzi wa Uchumi ya Marekani: jumla ya mishahara ya sekta ya umeme, gesi na maji jimboni. "Mjomba, mbona sekta yenu kiduchu hivi?"

Si kiduchu, sisi ndio hatumo. Nebraska ndilo jimbo pekee la Marekani ambalo umeme wa majumbani hutoka kwa mashirika ya umma, manispaa na vyama vya ushirika tu. Hakuna kampuni ya wanahisa inayomuuzia mwenye nyumba umeme. Na kwenye hesabu hizo, mwajiri wa umma anawekwa fungu la serikali. Fundi wetu anayepanda nguzo usiku wa theluji anajumlishwa na mwalimu na karani wa mahakama. Kwenye mstari wa sekta wanabaki watu wa kampuni binafsi, kama za gesi na za mashamba ya upepo. Tennessee nako wafanyakazi wa TVA, shirika la umeme la serikali kuu, wamo fungu la serikali hiyo. Anayetaka kutuona aende kwa Ofisi ya Takwimu za Kazi, ambayo takwimu zake za robo mwaka hutenganisha waajiri kwa umiliki.

Hata kwenye majimbo ambako mstari huo unabeba karibu kila mtu, nausoma kwa tahadhari. Ni fungu zima la pesa, kuanzia mkurugenzi na bonasi yake hadi kijana wa mapokezi. Tena robo mwaka huzidishwa mara nne ionekane kama ya mwaka, kwa hiyo malipo ya mara moja yakiangukia robo moja, grafu inaweza kuruka bila yeyote kuongezwa mshahara. Mwaka 1990 sekta hii ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 700,000 nchi nzima. Miaka ya 2010 walibaki kama 550,000. Pesa zimepanda huku vichwa vikipungua, na jumla pekee haikuambii hilo.

Halafu kuna ovataimu, na hapa ndipo watu wa nje hudanganyika zaidi. Julai 2021 upepo uliipiga Omaha, wateja zaidi ya 180,000 wakakosa umeme. Kazi kama ile ikiingia kwenye hati ya malipo ya fundi laini, mstari wa saa za kawaida unakuwa mfupi, chini yake saa zinazolipwa mara moja na nusu, kisha zinazolipwa mara mbili, kisha posho ya chakula. Mke wake akiiona hati hiyo anaweza kudhani mume kapandishwa cheo. Kiwango chake cha saa hakijasogea hata senti, na wiki kadhaa baadaye hati inarudi palepale. Ndiyo maana nilimwambia mpwa aulizie kiwango cha saa na ngazi za malipo ya mwanagenzi, yaani anayejifunza kazini, asihadaike na anayejigamba kwa mapato ya mwaka wa dhoruba.

Kiwango cha saa chenyewe hufuata mkataba wa chama cha wafanyakazi, na mkataba ni wa miaka. Juni 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1. Aliyekuwa amefungwa na nyongeza ya asilimia 3 kwa mwaka alipanda kwenye karatasi na kushuka sokoni, akisubiri mazungumzo mapya.

Kinachonikera mimi ni malipo ya watu wa maji. Mei 2023 fundi laini wa kati, yaani nusu ya wenzake wako juu yake na nusu chini, alipata zaidi ya dola 85,000 kwa mwaka nchini Marekani. Mwendeshaji wa mtambo wa kusafisha maji: karibu dola 55,000. Maji kwa kiasi kikubwa ni ya manispaa, bei yake hupitishwa na madiwani, na diwani anayetaka kura hana haraka ya kupandisha bili. Kwa hiyo anayepima klorini saa tisa usiku, mji mzima ukimtegemea, anasubiri bajeti ya mwakani.