Mdudu naye kaweka sahihi yake

Jamani leo nimefungua tanuru, furaha niliyonayo acha tu 😄

Kile chombo cha maua, udongo ungali mbichi nilikikandamizia jani la mbarika nililochuma kando ya njia, nikakiacha kikauke taratibu kivulini (ukiharakisha kinapasuka), kisha kikaingia motoni na jani lake humo humo.

Jani lenyewe limeungua lote ila alama imebaki, yaani mpaka vile vimishipa vidogo unavihisi ukipitisha kidole.

Halafu sasa, pale mdudu alipokuwa amelitoboa, udongo ulipenya ukaacha kinundu kidogoo! Hicho kinundu ndo nimekipenda kuliko chombo chenyewe.

Rangi sipaki, kibaki na wekundu wake.

Kinachofuata nikandamize nini, semeni?