Nilivyoitia nakshi ya mlango wa Lamu kwenye pete ya fedha

Nakshi ya mlango haiingii kwenye pete kama ilivyo. Wabunifu wengi huipiga picha, huipunguza kwenye kompyuta, kisha humpelekea fundi na kumwambia achonge vilevile. Kinachotoka ni mikwaruzo. Ua la waridi lenye upana wa sentimita 12 kwenye mwimo likipunguzwa hadi milimita 9 linakuwa limepungua zaidi ya mara 13, na mfereji wa milimita 4 unabaki na milimita 0.3. Ukishapita msasa na kung'arisha, kingo zinalala na mfereji haupo tena.

Nilichofanya ni kuacha mistari na kuchukua vivuli. Mbao ya mbambakofi au msaji ina rangi moja, kwa hiyo jicho linaiona nakshi kwa sababu ya giza lililo ndani ya mifereji, si kwa sababu ya mstari wenyewe. Vichochoro vya Mkomani, mtaa wa zamani wa mji wa Lamu, ni vyembamba na jua huvipita haraka, hivyo naenda jioni na tochi, naishika ubavuni mwa mlango karibu na mbao, mwenye nyumba akiwa ameridhia. Ukimulika kwa mbele, nakshi yote inakuwa bapa. Kwenye karatasi napaka weusi pale penye giza tu. Sehemu hizo nyeusi ndizo zitakazokuwa matundu kwenye bamba la fedha.

Halafu napunguza. Waridi lenye petali kumi na sita linabaki na nane, na kwenye pete nyembamba sita. Kipimo ninachokishikilia: tundu lisiwe chini ya milimita 0.6, na fedha inayobaki kati ya tundu na tundu isiwe chini ya 0.8. Chini ya hapo, kijiti hicho hujikunja siku ya kupinda pete. Mnyororo wa pembezoni mwa mlango nauacha kabisa. Ukiwa pamoja na waridi kwenye upana wa milimita 8, vyote viwili vinapotea.

Milango si chimbuko pekee, na wala si rahisi zaidi. Kofia za vito, zile za kushonwa kwa mkono, zinamfaa anayeanza kuliko mlango, maana mapambo yake tayari ni vitundu vilivyopangwa kwa hesabu. Unahamisha mpangilio tu, bila kubuni upya. Siwa, yaani baragumu kubwa la kifalme, ile ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya ndovu ya Pate, zinafundisha jambo jingine: nakshi imekusanywa kwenye mikanda, na kati ya mikanda panaachwa patupu ili macho yapumzike. Vidaka vya ndani, yaani vishubaka vya plasta kwenye kuta za nyumba, vinatoa pindo za kujirudia zinazozunguka pete bila mwanzo wala mwisho. Ila usiweke karatasi juu ya plasta ile na kusugua penseli. Ni chokaa ya zamani, inamomonyoka.

Fedha ninayotumia ni ya 925, yaani sehemu 925 za fedha na 75 za shaba nyekundu kwa kila elfu. Baadhi ya wateja huleta riyali ya Maria Theresa, sarafu ya zamani ya fedha, iyeyushwe. Ina gramu 28 na ushei, fedha yake ni 833 kwa elfu. Kuipandisha hadi 925 naongeza kama gramu 34.4 za fedha safi. Ukiitumia bila kuipandisha, kumbuka kwamba huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 779 za Selsiasi, na lehemu ngumu huhitaji joto linalokaribia hapo. Tumia lehemu ya fedha iliyo laini, la sivyo pete itakulalia mkononi.

Pete yenyewe ni mabamba mawili ya milimita 0.8. La juu linakatwa matundu, la chini linabaki zima, ili giza la mlango lipate sakafu yake. Natoboa kwa drili ndogo, napitisha wembe wa msumeno namba 3/0, nakata. Wembe hukatika kwenye kona karibu kila mara kwa sababu ileile: mkono unageuza kabla msumeno haujaendelea kupanda na kushuka. Geuza bamba, usigeuze msumeno, na upake nta.

Kuyaunganisha mabamba ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Nayeyusha lehemu kwanza mgongoni mwa bamba la matundu, naisawazisha kwa tupa hadi ibaki utando mwembamba, napaka boraksi, unga unaosaidia lehemu kutiririka, pande zote mbili, nalilaza juu ya la chini, kisha naweka vyote juu ya wavu na kupasha moto kutoka chini. Lehemu hukimbilia penye joto zaidi. Bamba lenye matundu ni jepesi na linapata moto haraka, kwa hiyo ukielekeza moto juu, lehemu itapanda na kuziba matundu, na kuitoa humo ni taabu kuliko kukata upya. Mstari unaong'aa ukitokea ukingoni kote, ondoa moto.

Mabaki ya boraksi yanatoka kwenye maji ya moto yenye unga wa asidi ya sitriki, vijiko viwili vya chakula kwa nusu lita. Usitie kibano cha chuma humo. Shaba iliyomo kwenye maji itahamia kwenye fedha nayo itatoka ya waridi. Tumia kibano cha shaba au cha mti.

Urefu wa bamba ni kipenyo cha ndani jumlisha unene, mara 3.14. Kidole cha milimita 18 na unene wa 1.6 ni 19.6 mara 3.14, yaani 61.5. Pete ya upana wa milimita 8 hubana kuliko pete nyembamba ya kipimo hichohicho, kwa hiyo naongeza milimita moja. Kabla ya kupinda nailainisha kwa moto. Chora mstari kwa kalamu ya wino wa kudumu. Ukitoweka, joto limetosha. Fanya kazi hii kivulini, maana kwenye jua la pwani wekundu wa fedha hauonekani mpaka umechelewa. Pinda kwa nyundo ya mti, usitumie ya chuma.

Mteja akitaka kigae cha sahani katikati, kama pete za mafundi wa Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wa Lamu, ukingo wa kukishika, wa fedha safi yenye unene wa 0.3, unalehemiwa kwanza na kigae kinaingia baridi, mwisho kabisa. Kigae kikipata moto kinapasuka. Kinasagwa hadi unene wa milimita 3, kikiwa majini muda wote kwa sababu vumbi lake linadhuru mapafu, na pembe zake zinaviringwa, maana ukingo hukunjamana penye kona kali. Vigae nachukua vya sahani zilizovunjika majumbani. Vya Takwa na Shanga, miji ya kale iliyobaki magofu, viache vilipo. Sheria ya Kenya ya urithi ya mwaka 2006 inavilinda. Magamba ya ng'amba na pembe za ndovu sizigusi, hata zikiletwa na mwenye nyumba aliyezirithi.

Giza la matundu natia kwa yai lililochemshwa likaiva sana: naliponda, nalifunga pamoja na pete kwenye mfuko, bila kugusana, kwa saa kadhaa. Salfa ya yai huifanya fedha nyeusi. Kisha nasugua juu kwa kitambaa kikavu, weusi unabaki chini tu. Pete yenye kigae isipitie hatua hii ikiwa kigae kimeshawekwa, kwa kuwa weusi unaoingia chini ya ukingo hautoki.