Kapu la mishono 3,312

Kapu lipo chumbani, kati ya kabati na ukuta, limebeba mablanketi matatu na shuka za wageni. Kipenyo chake sentimita 40, kimo 33 hivi, uzito kilo 3 na robo. Nililipima dukani kwenye mizani ya misumari kabla sijalipeleka nyumbani. Halina waya ndani, halina boksi lililokatwa, halina ubao chini. Ni kamba tupu, na limesimama.

Nalitaja hilo la kusimama kwa sababu la kwanza lililala.

Mimi ni muuzaji kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, Ngamiani. Nondo, bawaba, rangi, koki, na kamba za kila aina. Kufuma nilifundishwa na bibi mzaa mama, Pangani, nikiwa na miaka tisa, mwaka nilioanguka mwembeni nikavunjika mguu. Bibi alikuwa akifuma vitambaa vya makochi, vile vyeupe ambavyo kila nyumba ilikuwa navyo, hata redio ikavishwa chake. Alinipa uzi na sindano ya kufumia, ile yenye kucha kichwani, ili ninyamaze. Nikanyamaza miezi miwili, na nilipotoka pale najua kufuma duara bila kuangalia.

Basi mwaka huu tenga la plastiki la mablanketi likapasuka ubavuni. Mama Aisha akaliangalia, akaniangalia.

"Baba Aisha, si unajua kufuma wewe? Nifumie kapu. Kubwa. Lisilolala."

Nilianza na katani, kwani mtu wa Tanga ataanza na nini? Mkonge uliingia huku mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Humo ndimo yalimotoka mashamba ya Muheza na Korogwe na Pangani, na manamba, na zile zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka za miaka ya mwanzo ya 1960. Babu mzaa baba alikuja huku kama manamba, akakata mkonge mpaka uzee. Nikaona ni heshima kapu langu liwe la katani.

Mzunguko wa tatu viganja vinawasha, suruali imejaa manyoya ya kamba, na sindano haipiti. Siyo ukali wa katani peke yake. Tatizo ni kwamba ile kamba imesokotwa, na ya kufumia inatakiwa iwe imesukwa. Miaka yote nawaeleza wateja tofauti hii bila kufikiri kwamba itanihusu mwenyewe. Kamba iliyosokotwa ni nyuzi tatu zilizozungushwa pamoja. Kila ukivuta kitanzi unaipa mzunguko kidogo: ama inafumuka, sindano ikachoma katikati ya nyuzi badala ya kupita chini yake, ama inakazika mpaka inajikunja yenyewe kama waya wa simu ya mezani ya zamani. Iliyosukwa, nyuzi zake zinapishana kushoto na kulia kama nywele za mtoto wa shule. Haina upande wa kufumukia. Wakamba wa Kenya hutengeneza vyondo vya katani vizuri ajabu, lakini wao husuka kwa vidole, uzi juu ya uzi, hawaifumi kwa sindano. Sasa nimeelewa wana akili kiasi gani.

Nikahamia kwenye kamba nyeupe ya nailoni ya kusukwa, mili 5, ile inayonunuliwa kwa kuanikia nguo. Najua: kamba za aina hii ndizo zilizoangusha bei ya katani. Babu anisamehe.

Sindano ya kamba nene hivyo sikuipata mjini. Za nyuzi zipo, ila ukiziweka kwenye kamba ya mili 5 ni sawa na kuchota pilau kwa kijiti cha meno. Nikaomba kipande cha mninga kwa seremala wa jirani, nikachonga. Kujua unene ni rahisi ukiwa dukani: nilitoboa ubao kwa biti ya mili 10, kisha nikawa napiga msasa mpaka kijiti kikapita tundu hilo bila kung'ang'ania. Kichwa nilikikata kwa kisu na kukimalizia kwa tupa. Ile kucha inayokamata kamba iwe na kina cha kutosha kamba kukaa ndani yake, lakini mdomo wake uwe butu kabisa, la sivyo inararua nyuzi kila inapotoka. Mafuta ya nazi kidogo, basi, sindano hiyo.

Kwa sindano hiyo ya mili 10 nikafuma kitako chote na mizunguko minane ya ukuta. Ilikwenda haraka mno, na hapo ningepaswa kushtuka. Nilipoliweka sakafuni ukuta ulijikunja polepole kwa ndani, kama mzee anayesinzia kwenye daladala. Nikalikunjua kwa mikono. Likasinzia tena. Ukitazama karibu unaona kwa nini: kati ya mshono na mshono kalamu inapita. Kapu la kamba halina mifupa. Mifupa yake ni mishono yenyewe kubanana mpaka hakuna wa kusogea. Nikatoboa tundu la mili 8, nikachonga sindano ya pili, nikafumua kila kitu mbele ya Mama Aisha, ambaye hakusema neno. Ningependa angesema.

Mshono wenyewe ni mfupi, ule wa kwanza kabisa anaofundishwa mtu. Unaingiza sindano, unavuta kamba, vitanzi viwili vinakaa kwenye sindano, unavuta kamba tena na kuipitisha kwenye vyote viwili. Mwisho. Mishono mirefu inapendeza kwenye vitambaa lakini ina madirisha, na kapu lenye madirisha litalala.

Kitako ndicho chenye kazi. Unaanza na kitanzi cha kukaza, unafuma mishono sita ndani yake, unavuta mkia wa kamba mpaka tundu la katikati linafumba. Mzunguko wa pili, kila mshono unauzalisha wawili: 12. Wa tatu, mmoja peke yake, unaofuata wawili: 18. Wa nne, miwili peke yake, unaofuata wawili: 24. Kila mzunguko unaongeza sita, si zaidi, si pungufu. Bibi alinikaririsha kama sura ya chuoni, sita, kumi na mbili, kumi na nane, na mpaka leo nikikosa usingizi nafika 120. Ukiongeza pungufu ya sita, duara linakuwa bakuli kabla ya wakati wake. Ukizidisha, linapiga mawimbi kama sikio la tembo. Mimi mara moja niliweka mfuko wa saruji wa kilo 50 juu ya kitako chenye mawimbi, usiku kucha, nikitumaini. Asubuhi yalikuwepo yaleyale, na vumbi la saruji juu yake.

Kuna jambo bibi hakunifundisha, maana kwenye uzi mwembamba halionekani sana. Ukiongeza mahali palepale kila mzunguko, ile mishono ya kuzalisha inapangana juu ya mwenzake, na duara linaota pembe sita. Nilipofika mzunguko wa kumi nilikuwa na nati. Nati kamili, kama ya boliti, ungeweza kuifunga kwa spana. Dawa yake ni kusogeza: mzunguko mmoja anza kuongeza mwanzoni, unaofuata tembea kwanza nusu ya nafasi ndipo uongeze. Mishono ya kuzalisha ikatawanyika, pembe zikayeyuka, na duara likarudi kuwa duara.

Mizunguko siifungi, naifuma mfululizo kama konokono. Kwa hiyo lazima ujue mwanzo ulipo, na mimi nilichomeka kipande cha waya mwembamba wa kufungia nondo kwenye mshono wa kwanza, nikawa nakihamisha kila nikipita. Bila waya huo ningekwisha, kwa sababu nilikuwa nafumia dukani saa za mchana ambapo hakuna wateja, na wateja wana kipaji cha kuja ukiwa katikati ya hesabu. Mama mmoja aliniuliza bei ya bawaba nikamjibu "thelathini na saba". Akatoka.

Fundi bomba mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alinikuta na kitako mapajani, mkia wa kamba umezunguka kaunta.

"Yakhe, umehamia kwa akina mama?"

"Nusu inchi unataka ya plastiki au ya chuma?"

"Ya plastiki. Sasa hiyo ni nini?"

"Kapu."

Akalishika, akalipinda, likakataa kupindika. Akanunua soketi zake mbili akaondoka bila kuongeza neno.

Mzunguko wa 16 una mishono 96 na kitako kimefika sentimita 40. Hapo unaacha kuongeza. Ili ukuta usimame wima, usiinuke kama bakuli, mzunguko wa kwanza wa ukuta nilichoma kitanzi cha nyuma peke yake, nikaacha cha mbele. Kila mshono juu yake una vitanzi viwili vinavyoonekana kama msuko uliolala. Ukichoma vyote viwili kamba inapinda taratibu, ukichoma cha nyuma tu inakunjika pale pale, na kile cha mbele kinabaki kama mstari unaozunguka ukingo wa kitako. Mzunguko huo mmoja ndio uliobadilisha sahani kuwa kapu.

Ukuta hauna hadithi. Mishono 96, tena 96, tena 96, dakika ishirini hadi nusu saa kwa mzunguko, na kidole gumba kinachouma mahali ambapo hata mifuko ya saruji haijawahi kuniumiza.

Halafu kamba ikaisha.

Nilikuwa nimechukua rola mbili za mita 100, kwa kukadiria kwa macho. Muuzaji wa kamba! Kamba iliishia katikati ya mzunguko wa 21 wa ukuta, na nilitaka 26. Ndipo nikafanya nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza: nikafuma mishono kumi, nikaifumua, nikaipima kamba. Sentimita 72. Kitako kina mishono 816, ukuta wa mizunguko 26 una 2,496, jumla 3,312. Mara sentimita 7.2 kwa mshono: mita 238 na nusu, bila mishikio. Hesabu ya dakika tatu. Ukitaka kufuma lako, anza na hiyo mishono kumi, kwa mkono wako, maana anayekaza na anayelegeza hawali kamba sawa.

Rola ya tatu ilitoka kwenye mzigo mpya, na ni nyeupe kuliko zile mbili. Usiku kwenye taa sikuona. Kuunga nako nilikosea kwanza: nilichoma ncha mbili kwa kiberiti nikazigandisha, likatoka donge gumu lisilopita kwenye kitanzi chochote. Nikafumua, nikazilaza ncha ubavu kwa ubavu sentimita nane, nikazishona kwa uzi wa fundi viatu. Hapo hata kwa kupapasa hupaoni. Kiberiti kibaki kazi yake ya kuchoma ncha ya mwisho isifumuke.

Mishikio ipo kwenye mzunguko wa pili kutoka juu. Unaruka mishono kumi, badala yake unafuma mnyororo wa vitanzi kumi na mbili, unaendelea. Upande wa pili hivyohivyo. Mzunguko unaofuata unafuma juu ya ile minyororo. Mnyororo peke yake ungevutika, kwa hiyo niliuzungushia kamba mara nyingine kwa mkono, nikazika ncha ndani ya ukuta. Nikajaza misumari kilo 15, nikalinyanyua kapu mbele ya bosi. Mishikio ilinyooka kidogo, ikatulia. Bosi akauliza kama misumari yote imerudi.

Nilipolifikisha nyumbani mchana, kwenye jua la mlangoni, nikaona kwa mara ya kwanza ile tofauti: chini weupe wa maziwa, juu mkanda mweupe wa kung'aa, upana wa kiganja. Nikajiandaa kueleza. Mama Aisha akalizungusha, akapitisha kidole kwenye mkanda.

"Na mapambo umeweka."

"Eeh."

Mama mkwe alikuja Ijumaa, nikamwamkia, naye kabla hajakaa akauliza kapu limetoka wapi. Anataka la kuwekea viatu mlangoni, dogo, na lake pia liwe na mkanda. Rola ya tatu imebakiwa na mita 59. Nimeipima mara mbili. Duara la mizunguko kumi, ukuta wa mizunguko minane, ni mishono 810, mita 58 na sentimita 32. Mishikio hakuna. Ikipungua namalizia na kipande cha katani kilichobaki, na atapata mkanda wake.