Wasindikizaji

Wiki hii nimekuwa nikimsikiliza Prince, yule mwanamuziki wa Marekani, na si zile nyimbo zake zinazopigwa redioni kila siku. Nimerudi kwenye albamu za mwanzo, za kabla dunia haijamjua, kwa sababu kuna kisa chake kimoja kimenikaa kichwani: yale aliyotendewa Los Angeles mwezi wa Oktoba 1981.

Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, walikuwa kwenye ziara yao kubwa ya Marekani. Kwa shoo mbili za uwanja wa Memorial Coliseum, tarehe 9 na tarehe 11, wakamwita kijana wa miaka 23 kutoka Minneapolis aje kuwasindikiza, yaani apige kabla yao. Kijana mwenyewe akapanda jukwaani mchana kweupe amevaa koti refu la mvua, na chini ya koti chupi nyeusi. Akaanza kuimba kwa ile sauti yake nyembamba ya juu, mambo ya chumbani bila kificho. Makumi ya maelfu ya watu waliokuja kumwona Mick Jagger, mwimbaji wa Stones, wakaanza kuzomea. Baada ya kuzomea wakarusha: vikombe, chupa, vyakula. Nyimbo chache tu, Prince akashuka. Bill Graham, promota wa shoo, ikabidi apande mwenyewe kuwagombeza watu.

Prince akapanda ndege akarudi kwao. Jagger akampigia simu, mpiga gitaa wa Prince, Dez Dickerson, akambembeleza, naye akakubali kurudi kwa shoo ya pili. Habari zilishaenea mjini, basi siku hiyo kuna watu waliotoka nyumbani na vya kurusha kabisa. Ninayemfikiria zaidi ni mpiga besi wa Prince, Brown Mark, aliyekuwa na miaka 19 na ndiyo kwanza amejiunga na bendi. Karibisho gani hilo!

Maelezo yanayotolewa haraka ni ubaguzi wa rangi. Sikatai, ulikuwepo. Lakini hauelezi kila kitu. Rolling Stones jina lao lenyewe limetoka kwenye wimbo wa Muddy Waters, mwanamuziki mweusi wa blues. Mwaka 1969 walizunguka Marekani na Ike na Tina Turner pamoja na B.B. King. Mwaka 1972 wakasindikizwa na Stevie Wonder. Mashabiki wao walishazoea kuwaona weusi wakifungua shoo. Kati ya Stevie na Prince kuna jambo lilitokea, na mimi naliona kwenye tukio la Julai 12, 1979, pale uwanja wa Comiskey Park, Chicago, ambako santuri za disko zililipuliwa kwa baruti katikati ya uwanja wa besiboli, vijana wakavamia uwanja hadi mechi ya pili ikashindikana. Mashabiki wa roki walikuwa wamejichorea mpaka, na kila kilichonukia dansi kiliwekwa ng'ambo ya pili.

Sasa kinachonichekesha ni hiki. Jagger mwenyewe alishauvuka mpaka huo zamani. Mwaka 1978 bendi yake ilishatoa wimbo wa mdundo wa disko ukashika namba moja Marekani, na mwaka 1980 akaimba mwingine kwa sauti nyembamba ya juu. Kwenye ziara hiyohiyo ya 1981 alikuwa anaruka jukwaani na suruali ya kubana ya wacheza futiboli ya Kimarekani, yenye pedi za magoti. Hakuna aliyemrushia chupa. Kwake ni ufundi wa kuchezea jukwaa. Kwa kijana mweusi mwenye chupi ni matusi.

Ndiyo maana siamini kwamba zile kelele zilimlenga Prince peke yake. Prince hakujialika. Aliitwa na watu walioupenda muziki wake, wakataka na mashabiki wao wausikie. Jagger alishasogea, mashabiki wakabaki walipokuwa. Huwezi kumzomea Jagger, umekata tiketi kwa ajili yake na fulana yake umevaa. Kwa hiyo unamzomea yule aliyeletwa naye.

Mambo ni yaleyale kwa mpiga gitaa mweusi Jimi Hendrix, ila bila chupa. Mwaka 1967 The Monkees, bendi iliyoundwa kwa ajili ya kipindi cha televisheni, walikuwa vipenzi vya mabinti wadogo wa Marekani. Wao wenyewe walikuwa wamemkubali Hendrix, hasa baada ya mpiga ngoma wao Micky Dolenz kumshuhudia kwenye tamasha la Monterey mwezi wa Juni, wakataka aende nao ziarani. Tarehe 8 Julai yupo Jacksonville, Florida, anapiga gitaa mbele ya watoto walioletwa na wazazi wao, na watoto wanaita jina la Davy Jones, mwimbaji wa The Monkees. Katikati ya wimbo! Anaimba, nao wanaita "Davy!" Ilipofika New York, baada ya wiki moja hivi, akajitoa, na inasemekana waliachana bila ugomvi. Magazeti yakaandika kwamba chama kimoja cha akina mama wazalendo kilimlalamikia kuwa hana adabu. Kumbe huo ulikuwa utani wa mwandishi Lillian Roxon, aliyekuwa kwenye msafara, na watu wakauamini kwa miaka.

Siwalaumu wale watoto. Umeahidiwa Davy, umelia nyumbani hadi baba akakubali kukupeleka, halafu anatoka mtu anasaga gitaa sakafuni. Ningeita Davy na mimi.

Majuzi hapa Dar nilikuwa pembeni ya jukwaa, nikiwasaidia kubeba nyaya vijana fulani wanaopiga roki. Walipewa nafasi ya kumsindikiza staa wa Bongo Fleva. Ukitaka kuelewa maisha ya msindikizaji, simama pale nyuma. Mitambo ya staa imeshapangwa tangu mchana, hairuhusiwi kuguswa. Ngoma zake zimefunikwa shuka jeusi, na za hawa vijana zikasogezwa mbele hadi mpiga besi akawa hana pa kukanyaga. Muda wa kujaribu sauti ulikwisha kabla haujafika kwao. Fundi mitambo aliwapa mikrofoni kidogo, taa nyeupe tu, na onyo moja: nusu saa, ikizidi nazima. Si roho mbaya. Ndivyo inavyokwenda karibu kila mahali, hata kwenye ziara kubwa za Ulaya na Marekani, ambako bendi ndogo nyingine hulipia kabisa ili wapewe hiyo nusu saa.

Na watu? Nusu bado wako getini. Waliofika wananunua vinywaji. Dada mmoja mbele kabisa aliligeuzia jukwaa mgongo, akawa anajipiga picha, bendi ikiwa pazia la nyuma. Kaka mmoja akanigusa bega.

"Samahani kaka, hawa wanashuka saa ngapi?"

"Bado nyimbo tatu."

"Tatu!" Akasema kama aliyetajiwa bei mpya ya sukari.

Hakuzomea lakini, na hakuna aliyezomea. Watu wa Dar wanakuacha tu upige, wao wanaendelea na maongezi yao. Kwenye wimbo wa pili kutoka mwisho vijana waliacha ile roki ya kawaida, gitaa likabaki na ukali wake lakini ngoma zikashuka kwenye mdundo wa mchiriku. Vichwa vikageuka. Si vyote. Yule kaka aliweka bia chini, akatikisa mabega kidogo, halafu akaiokota tena.

Wapo waliofaulu katika nafasi hiyo, na mmoja ni mtu wetu. Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, alizunguka Uingereza na Queen mwishoni mwa 1973 wakiwasindikiza Mott the Hoople, bendi ya roki ya hukohuko, na Aprili 1974 wakawafuata hadi Marekani. Safari ilikatika mwezi wa Mei baada ya Brian May kuugua homa ya ini. Lakini walikuwa wameshapata mashabiki, na kwenye wimbo mmoja uliofuata wakaitaja bendi ile kwa mapenzi kabisa. Tofauti yao na Hendrix haikuwa kipaji. Mashabiki wa Mott walikwenda kutafuta mavazi ya kung'aa na magitaa ya nguvu, na Queen walikuwa navyo vyote. Aliyewaoanisha alijua kazi yake.

Na kuna Bob Marley, ambaye wengi huku wakisikia aliwahi kusindikiza mtu wanakataa. Septemba 1980, miezi michache baada ya kuimba kwenye sherehe za uhuru wa Zimbabwe, alitangulia kupanda kabla ya Commodores, bendi ya Wamarekani weusi, pale Madison Square Garden, New York. Alikuwa na jina kubwa duniani, ila Wamarekani weusi walikuwa hawajamfuata kwa wingi, naye aliwataka hao. Akakubali kutangulia ili awapate.

Vijana wangu wameitwa tena, staa mwingine, mwezi ujao. Jana tulikaa kupanga nyimbo. Mimi nataka waanze na ule wa mchiriku, watu wausikie tangu getini. Mwimbaji anataka aanze na salamu.

"Nusu saa unaitoa wapi ya kusalimia?" nikamuuliza.

"Sasa bro, tusiposalimia si watasema tunaringa?"

"Waseme, ilimradi wamewaona."

Hakukubali. Tumeachia hapo, kwa sababu mpiga ngoma alikuwa na swali lake la maana zaidi: kirikuu cha kubebea ngoma mara hii kinalipwa na nani.