Ndege ya kuvaa

Jana nimetoka Milwaukee hadi Oshkosh, huku Marekani, kwenye yale maonyesho ya ndege ya kila Julai. Madude ya jeshi nimeyapita tu. Kilichonigandisha ni kindege kimoja cha jeti, BD-5J. Rubani akikaa ndani, kichwa chake kinanifika kiunoni! Jim Bede ndiye aliyekibuni, miaka ya 1970. Mabawa yake ncha hadi ncha ni kama mita 5, na injini, Microturbo ya Ufaransa, unaweza kuikumbatia. Mzee mwenye nacho haingii, anakivaa: miguu inatangulia, analala chali kidogo, kisha kioo kinafungwa juu yake.

Jirani yake kulikuwa na SubSonex, ndege nyingine ndogo ya jeti, inayotengenezwa hapohapo Oshkosh. Injini imebebwa mgongoni kama mtoto kwenye kanga, na mkia una umbo la V ili moto wa injini upite katikati.

Nikamuuliza yule mzee habari za mafuta. Akacheka sana. “Kinakunywa kuliko mimi nilipokuwa kijana.”

Usiku mzima nimetazama picha za kile kindege. Mke wangu ameshasema: gereji ni ya gari.