Taya lililovunjika mahali patatu

Kazi yangu ni kugeuza maelezo ya daktari kuwa misimbo ambayo bima hulipia. Kwenye nafasi ya utambuzi daktari alikuwa ameandika maneno mawili tu: "Taya limevunjika." Nikaweka S02.609A, ambao katika ICD-10-CM, toleo la Marekani la orodha ya misimbo ya magonjwa na majeraha, ni msimbo wa taya la chini lililovunjika bila kutajwa sehemu. Baada ya wiki mbili jalada lilirudi, malipo yamekataliwa.

Safari hii nililisoma lote. Mgonjwa alikuwa ameangukia kidevu. Anayeanguka hivyo huweza kuvunjika katikati ya kidevu na pia juu, karibu na masikio, kwa sababu pigo husafiri kwenye mfupa hadi vichwa vya taya vinavyoingia kwenye kiungo. Taarifa ya CT skani ilisema hivyohivyo: kidevu, na vichwa vyote viwili. Mivunjiko mitatu, nami nilikuwa nimeandika mmoja, tena usio na mahali.

Vichwa vya taya vina S02.611 kwa kulia na S02.612 kwa kushoto. Hakuna msimbo mmoja wa pande zote mbili, kwa hiyo huandikwa yote miwili. Kidevu ni S02.66; kwa kuwa hakina upande, herufi X hujaza nafasi tupu kabla ya herufi ya mwisho.

Herufi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonihangaisha. A ni ya mvunjiko uliofungika, B ni ya ulio wazi, yaani ngozi au ufizi juu yake umechanika; zote mbili huitwa za "mara ya kwanza", na D ni ya ziara za baadaye mfupa ukiendelea kupona. Daktari asiposema, kanuni inataka tuuhesabu kuwa umefungika. Lakini maelezo ya muuguzi yalitaja damu kwenye ufizi, na taya likivunjika penye meno jeraha mara nyingi hufunguka ndani ya kinywa bila ngozi ya nje kuguswa. Hilo nililijua, ila si kazi yangu kuliamua. Wala sikutaka kumtilia daktari jibu mdomoni, kwa hiyo sikumwuliza kama mvunjiko ulikuwa wazi. Nilimwandikia: "Daktari, naomba uthibitishe sehemu zote zilizovunjika, na ueleze hali ya ngozi na ufizi juu ya kila moja." Akajibu siku ileile. Sehemu ni tatu, na ufizi wa mbele ulichanika hadi mfupani. Basi ikawa S02.66XB, S02.611A na S02.612A.

Nilibaki na tatizo la upasuaji wa kuweka bamba la kushikilia mfupa, uliofanywa siku nne baadaye na daktari mwingine. Nilikuwa karibu kuandika D, nikidhani "mara ya kwanza" maana yake ni siku ya kwanza. Sivyo. A na B huendelea muda wote mgonjwa anapotibiwa mvunjiko wenyewe, hata daktari akibadilika. D niliiandika alipokuja kutolewa waya, mfupa ukiunga vizuri.

Jalada liliporudishwa halikukataliwa tena.